UZI: Picha kubwa ya ukutani kwa sisi wapangaji, kwa khanga moja na mbao mbili

#1 binti_wa_kimara

Habari zenu wadau.

Hii ni nyumba yangu ya nne tangu nianze kupanga hapa Dar. Nilianzia chumba kimoja Manzese, nikahamia Tabata, nikaenda Ubungo, sasa niko Kimara, chumba na sebule. Kote nilikopita palikuwa na ukuta mmoja mtupu nyuma ya kochi, na kote niliuacha vilevile kwa sababu nilijiambia hapa napita tu. Nimepita tu kwa miaka tisa. Mwaka huu nimekataa. Kodi natoa ya miezi sita kwa mkupuo, na nikirudi jioni nataka nifungue mlango nione nimefika kwangu. Nawaeleza nilivyofanya kwa sababu mimi nilihangaika sana kumpata wa kunielekeza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa ukubwa. Nilinunua vipicha vitatu vya fremu, kila kimoja kama daftari, nikavipanga juu ya kochi. Ukuta ukavimeza. Kochi langu la watu watatu lina urefu wa sentimita 205, na wanaopamba nyumba husema picha ya juu ya kochi ichukue kama theluthi mbili ya urefu wa kochi lenyewe. Kwangu hiyo ni sentimita 137 hivi. Nikaenda kuulizia bei ya picha ya upana huo ikiwa na fremu yake. Nilirudi kimya.

Kesho yake jioni nilikuwa naanua nguo. Jua lilikuwa linazama nyuma ya kamba, upepo umetulia, na khanga moja ilikuwa imetandazwa yote bila kukunjwa. Nikaona pindo pande zote nne, mji katikati, jina pale chini, vyote kwa mara moja. Khanga tunaiona kila siku lakini tunaiona vipande: imefungwa kiunoni, imebeba mtoto, imekunjwa kabatini. Nilisimama pale na beseni langu. Hii ni picha nzima, na pindo ndiyo fremu yake, aliyeichora alishamaliza kazi.

Basi vipimo. Khanga yangu ina sentimita 150 kwa 110. Pima ya kwako, hazilingani. Nilitoa sentimita 4 kila upande za kukunjia nyuma, fremu ikawa 142 kwa 102. Nilinunua mbao mbili za inchi mbili kwa moja, kila moja futi 12, yaani sentimita 366. Ya kwanza ilitoa vipande viwili vya 142, vya juu na chini. Ya pili ilitoa vipande vitatu vya 92: viwili vya ubavuni na kimoja cha kusimama katikati kama mhimili. Ni 92 na si 102 kwa sababu vinakaa katikati ya vile virefu, na kila kirefu kina upana wa sentimita 5. Mabaki nilikata vipande vinne vya sentimita 20, nikavipigilia kimshazari nyuma ya kila kona. Hivyo vipande vya kona ndivyo uti wa mgongo wa kazi yote. Bila hivyo fremu inalegea na kuyumba kama kitanda kibovu.

Mkiwa mnachagua mbao msikubali kupewa tu. Shika ncha moja, inua mpaka usawa wa jicho, tazama mpaka mwisho. Ikipinda utaona palepale. Na mbao mbichi muiache, itajipinda ikishakuwa ukutani.

Kabla ya kupigilia vipande vya kona, pima mshazari. Kutoka kona ya juu kushoto mpaka ya chini kulia, halafu ule mwingine. Kwa fremu ya 142 kwa 102 yote miwili inatakiwa isome kama 174.8. Wangu mmoja ulisoma 176 na mwingine 173, nikasukuma kona kwa goti mpaka ikalingana. Usiporekebisha hapo, khanga haitakusamehe, pindo litaonekana limekwenda upande na kila mgeni ataliona.

Sasa sehemu iliyonitoa jasho. Khanga ni nyepesi. Nilivyoibana mara ya kwanza nikaisimamisha dirishani, ule mhimili wa katikati ulionekana kwa mbele kama kivuli cha nguzo, na mbao za pembeni pia. Nikabandua pini zote, moja moja, kwa ncha ya kisu. Nikatandika shuka jeupe kuukuu kwanza, nikalibana, ndipo khanga juu yake. Kivuli kikapotea, na rangi zikakolea kuliko zilivyokuwa kwenye kamba.

Kubana kuna utaratibu wake. Anza katikati ya upande wa juu, pini moja. Nenda katikati ya upande wa chini, vuta kidogo, pini moja. Halafu kushoto, kulia. Kisha unasogea kuelekea konani, huku na huku, kila unachoweka upande huu unakijibu upande wa pili. Ukianza konani utapata mawimbi. Mimi nilifunga uzi mwekundu kutoka ubavu hadi ubavu usawa wa jina, nikawa natazama maandishi yakae sambamba nao. Jina likinyooka, khanga yote imenyooka.

Msiifue kabla. Khanga mpya ina wanga, imekauka vizuri, inavutika bila kulegea. Piga pasi tu.

Gharama zangu, na bei za mtaani kwenu zinaweza kuwa tofauti: doti ya khanga 12,000 (khanga ya pili imebaki), mbao 7,000, misumari 500, fundi sofa wa jirani aliniazima bunduki yake ya pini pamoja na pini kwa 2,000. Jumla 21,500. Nilikopa mizani ya duka la mchele nikapima, kilo nne na robo.

Jina nililochagua ni "Mgeni njoo mwenyeji apone". Iko sebuleni, inasomeka ukiwa mlangoni.

#2 mtu_wa_goba

Dada hongera, umenifumbua macho. Mke wangu ana khanga zaidi ya thelathini ndani ya sanduku na ukuta wetu mtupu. Sasa hapo kwenye kutundika mbona umeruka? Mimi mwenye nyumba wangu akisikia nyundo anatoka na kanzu yake kuja kuuliza.

#3 binti_wa_kimara

Mkuu sikuruka, nilikuwa nakusanya nguvu ya kuandika, maana hapo ndipo nilipoumia.

Nyumba ya Ubungo nilijaribu gundi ya tepu ya pande mbili, ile nene yenye sponji. Kilikuwa kioo kidogo tu, hakifiki kilo mbili. Kilikaa siku kumi na moja. Usiku wa joto, saa nane, nikasikia mshindo. Kioo kilianguka juu ya kochi, hakikuvunjika, lakini tepu ilishuka na ngozi ya rangi mpaka kwenye plasta, kipande kama sahani ya chai, na pengine viwili vidogo. Nilipohama nilikatwa hela ya kupaka ukuta mzima, kwa sababu rangi mpya haikufanana na ya zamani. Sikubisha, nilistahili.

Nilichojifunza ni kwamba tepu haishiki ukuta, inashika rangi. Pitisha kiganja ukutani kwako. Ukibaki na unga mweupe mkononi, hiyo rangi ni chokaa au ni rangi ya maji ya bei ya chini iliyozimuliwa sana, na hakuna tepu itakayokaa hapo.

Kwa hiyo njia ni hizi. Tazama kwanza kama mpangaji aliyetangulia aliacha msumari, mara nyingi upo. Au egemeza: picha ikikaa juu ya kabati la chini au meza ndefu na kuegemea ukutani inapendeza, na hutoboi kitu. Au tumia bomba la pazia kama dirisha liko ukuta huohuo. Mimi nilimpigia mwenye nyumba, nikamweleza ninachotaka, nikaomba tundu moja. Akakubali. Sikutegemea.

#4 mzee_mwenye_vyumba

Binti yangu, mimi ni mwenye nyumba, nina vyumba sita, nasoma hapa kwa utulivu. Umefanya jambo la maana kuuliza, na ningependa wapangaji wangu wausome uzi huu.

Niwaeleze kwa nini tunakasirikia nyundo. Nyumba zetu nyingi ni za tofali za saruji, juu yake plasta ya kama sentimita moja na nusu mpaka mbili. Plasta ikichanganywa mchanga mwingi, saruji kidogo, inakuwa haina nguvu. Mpangaji anachukua msumari wa kawaida anaugonga. Unapita plasta, unafika kwenye tofali, unakataa. Anaongeza nguvu. Msumari unapinda, plasta inaachana na tofali kwa ndani, na ukigonga kwa kidole unasikia pako wazi. Leo tundu moja, mwakani kipande kizima kinadondoka. Mpangaji mmoja aliniachia misumari ishirini na mitatu kwenye chumba kimoja. Niliihesabu.

Tundu la drili ni jambo jingine kabisa. Keekee ya milimita 6 ya zege, plagi ya plastiki, skrubu. Kabla ya kutoboa bandika kipande cha tepu ya karatasi pale, rangi haitabanduka pembeni. Bandika bahasha iliyofunguliwa chini yake ipokee vumbi. Anza bila kuwasha ule mfumo wa kugonga wa drili mpaka upite plasta, ndipo uwashe. Na jambo moja la kuokoa maisha: usitoboe juu au chini ya swichi wala soketi kwa mstari wa wima. Nyaya zinapita humo ndani ya plasta.

Ukihama, toa plagi, jaza puti, ikikauka piga msasa laini, gusa rangi. Ndiyo maana unapohamia omba kichupa cha rangi iliyotumika, au piga picha kopo lake. Anayefanya hivi simkati hata senti.

Na makubaliano yawe kwa ujumbe wa simu, yasomeke. Kwa faida yako na yangu.

#5 fundi_buguruni

Nimefurahi kuona mtu anapima mshazari. Seremala wengi wa mitaani hawapimi.

Nina nyongeza chache. Msumari ukiwa karibu na ncha ya mbao, butua ncha yake kidogo kwa nyundo kabla ya kuupigilia. Ncha kali inachana nyuzi za mbao zikapasuka, iliyobutuliwa inazikata. Weka gundi nyeupe ya mbao kwenye kila kiungo, msumari unashikilia tu mpaka gundi ikauke. Na ule ukingo wa ndani unaotazama nguo, upige msasa uwe mviringo kidogo, usiache makali, nguo ikivutwa itajichora mstari.

Ila dada, kwa mtu anayehamahama ningemshauri njia nyingine. Mnaikumbuka ile ramani ya darasani, yenye mbao mbili, moja juu moja chini? Fanya hivyo hivyo. Mbao nyembamba nne, ndefu kuliko khanga kwa sentimita 3 kila upande. Mbili unazibana juu, khanga katikati kama sandwichi, skrubu tano. Mbili chini vilevile. Kamba juu, tundika. Ile ya chini kwa uzito wake inaivuta khanga inanyooka yenyewe. Hakuna pini, hakuna kona, hakuna mshazari. Siku ya kuhama unaiviringisha, unaibeba mkononi kama mkeka.

Haina sura ya picha ya duka, hilo nakubali. Fremu inasimama vizuri zaidi. Lakini niliwatengenezea wateja wawili na mpaka leo wanazo.

#6 wa_mji_wa_kale

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu twaiita leso, na ukitaka kuchagua mpaka uchoke nenda Biashara Street, duka baada ya duka.

Dadangu, kazi nzuri, ila wacha nikuongezee neno kuhusu jina. Leso ukiivaa jina lasema na mtu mmoja, jirani ama mke mwenza, na kesho wavaa nyingine, maneno yamekwisha. Ukiitundika, jina lasema na kila aingiaye, kila siku. Shangazi yangu alitundika "Nazi mbovu harabu ya nzima" kwa sababu alipenda maua yake ya zambarau, hakuwa na nia yoyote. Mawifi zake walipokuja wakasoma, wakaketi kimya, chai yao ikapoa. Ilibidi aiteremshe na aende nyumba kwa nyumba kueleza. Soma jina kabla ya kusoma rangi.

Na kama ukuta ni mkubwa sana, usiikate doti. Leso mbili zilizoungana ndizo zatoka kiwandani hivyo. Ukizitundika zote mbili, moja kando ya nyingine zikiwa zimeungana hivyo, wapata kitu cha mita tatu. Mie nimezisimamisha kwa urefu, jina lasomeka kwa kuinamisha kichwa, lakini mji wake ni wa korosho kubwa na zapendeza mno zikisimama.

#7 mwanapemba

Assalaam alaykum. Mwenzetu wa Mombasa kasema kweli juu ya majina.

Mie nataka kuutetea mkeka. Ule wa rangi, wa kushonwa kwa kili. Ukili mmoja husukwa mrefu sana, kisha huzungushwa na kushonwa ukawa mkeka, na ukiutazama kwa karibu waziona zile njia zote, na rangi huingia humo humo kwenye msuko, haikupakwa juu. Mkeka mkubwa ukiutundika umefika ukubwa wa ukuta bila mbao wala shuka. Pitisha fito moja kwenye ukingo wa juu, ushone kwa uzi mzito kila baada ya kiganja, basi. Ni mwepesi, msumari mmoja mdogo huubeba.

Hadhari yake ni unyevu. Wakati wa masika ukuta ukitoa jasho, mkeka ulioshikana nao hufanya ukungu kwa nyuma. Gundisha vipande vya malapa makuukuu kwenye kona za nyuma, upate upenyo wa hewa. Na kwenye fremu ya khanga vivyo hivyo.

Kwa anayetaka kuchora mwenyewe, anunue amerikani. Ndiyo ile nguo ya pamba isiyotiwa rangi, jina lake limebaki tangu karne ya 19, wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walipokuwa wakiileta Unguja. Ivute kwenye fremu kama ya bibie hapo juu, upake rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa na gundi nyeupe kidogo, mara mbili, upige msasa kati ya mkono wa kwanza na wa pili. Itakaza kama ngoma.

#8 kijana_wa_igoma

Shikamoo dada, shikamooni wakubwa wote. Mimi niko Mwanza, ni fundi wa simu, chumba kimoja. Ninaandika kwa mara ya kwanza hapa kwa sababu nina kitu changu ambacho nadhani kitamsaidia mtu.

Babu yangu mzaa baba alifariki nikiwa darasa la tatu. Picha yake iliyobaki ni moja, ya pasipoti, nyeusi na nyeupe, sentimita 3.5 kwa 4.5, imekunjika kona. Bibi anaitunza ndani ya kitabu cha nyimbo. Nilitaka babu awe ukutani, na mkubwa.

Niliiazima kwa siku moja. Steshenari waliiskani kwa kiwango cha juu kabisa cha mashine yao. Halafu kwenye kompyuta nikaigawa picha vipande kumi na sita, nne kwa nne, kila kimoja kikatoka kwenye karatasi ya A4. A4 kumi na sita ni sawa na A0 moja, hiyo ndiyo hesabu ya karatasi ilivyo. Lakini printa nyingi haziwezi kuchapa mpaka ukingoni, zinaacha weupe kama nusu sentimita kila upande, na weupe huo lazima uukate kwa rula na wembe, la sivyo uso wa mtu unakuwa na dirisha la vyuma. Ukishakata, kila karatasi inabaki 20 kwa 28.7, na jumla ni 80 kwa 115 hivi. Picha ya pasipoti ikikuzwa mara 23 inajaza ule upana wa 80, lakini kwa urefu inafika 103 tu. Kwa hiyo chini palibaki mkanda mweupe wa kama sentimita 12. Niliuacha.

Nilibandika kwenye hadibodi. Shiti moja ni futi nne kwa nane, nikakata kipande cha sentimita 122 kwa 88. Mara ya kwanza nilitumia uji wa unga wa ngano kama tulivyokuwa tunafanya shuleni. Unashika vizuri mno, lakini wiki ya tatu mende walishaanza kula sikio la babu kwa chini. Nilibandua yote nikachapa upya. Safari hii gundi nyeupe na maji, nusu kwa nusu, kwa brashi, nyembamba. Anza na karatasi zenye macho, uziweke sawa kabisa, ndipo uelekee nje. Kukiwa na kosa la milimita mbili liende likafie kwenye bega, lisikae puani. Tumia kadi ya simu iliyokwisha kusukuma hewa kutoka katikati.

Ukiisogelea unaona vitone tu, vijivu na vyeusi, hujui hata ni nini. Nilipomaliza niliona nimeharibu. Nikarudi nyuma mpaka mlangoni, hatua kama nne, na babu akawa ananiangalia. Ana mkunjo mmoja kati ya nyusi ambao kwenye ile picha ndogo sijawahi kuuona. Baba anao. Na mimi ninao.

Bibi alipokuja kutembea nilimwonyesha. Alikaa kitandani akaitazama muda mrefu bila kusema neno. Bibi hakusoma. Akaniuliza kama nina wino. Nikampa ule wa mhuri. Akachovya dole gumba akaliweka kwenye ule mkanda mweupe wa chini, upande wa kulia, kama alivyokuwa anaweka kwenye karatasi za pamba zamani.

Gharama yote haikufika 15,000, hadibodi ndiyo ilikula nyingi. Nimeiegemeza juu ya meza ya kazi, haijatobolewa tundu lolote.

#9 mtu_wa_goba

Mdogo wangu wa Mwanza, marahaba. Nimesoma post yako mara mbili, mara ya pili nimemsomea mke wangu. Kesho naenda kutafuta picha ya mama.

#10 rangi_ya_baiskeli

Kwa wanaoogopa kushika brashi, niwakumbushe Edward Saidi Tingatinga. Mtu wa Tunduru, alikuja Dar kutafuta maisha, na mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na turubai za wachoraji. Alichukua vipande vya hadibodi na rangi za mafuta za kung'aa, zile za kupakia baiskeli, vitu vya dukani mtaani, akachora chui, ndege, miti. Alifariki 1972, miaka minne tu baadaye, na mtindo umebeba jina lake mpaka leo. Wachoraji wake wako Morogoro Stores, Oysterbay, ukienda utawakuta wanafanya kazi. Vifaa vya bei rahisi havijawahi kuwa tatizo la kazi nzuri.

Kukuza mchoro si uchawi. Chora miraba ya sentimita 2 juu ya picha ndogo, chora miraba ya sentimita 20 kwenye ubao kwa chaki. Sasa usichore mnyama, chora kilichomo ndani ya kila mraba. Mstari unaingilia wapi, unatokea wapi. Miraba ikiisha mnyama yuko pale, mara kumi ya ukubwa wake.

Rangi msinunue nyingi. Kopo moja dogo jeupe, jeusi moja, na mbili unazozipenda. Rangi nne zilizotulia kwenye ukuta mkubwa zinapumua kuliko kumi zinazogombana. Na pakeni nje au madirisha yakiwa wazi, rangi ya mafuta harufu yake inapanda kichwani.

#11 wa_kigali

Mimi naishi Kigali, Kiswahili changu ni cha Bukavu, mtanivumilia. Huku kuna imigongo, asili yake ni Mashariki ya Rwanda, upande wa Kirehe. Wanachanganya mavi ya ng'ombe na majivu, wanajenga mistari iliyoinuka juu ya ubao, ikikauka wanapaka nyeusi, nyeupe, nyekundu ya udongo. Mbao kubwa ni za bei. Niliangalia ile mistari, nikaifanya kwa mbao nyembamba za mabaki ya seremala nilizobandika kwenye plaiwudi kwa gundi, kisha rangi ya maji nyeusi na nyeupe isiyong'aa. Futi nne kwa nne. Siwezi kuiita imigongo, lakini mwanga wa jioni ukipita pembeni ile mistari inatoa vivuli vyake, ukuta unaonekana unatembea.

#12 binti_wa_kimara

Wadau nimerudi, ni miezi saba sasa. Samahani kwa kimya, nilikuwa nahama. Mwenye nyumba wa Kimara amempa chumba mwanawe aliyeoa, hakuna ubaya wowote kati yetu. Niko Mbezi.

Ile ya fremu nilikuwa naogopa sana safari yake. Kirikuu kilikuja, dereva akataka kuilaza chini na kuweka ndoo juu. Nikakataa. Tuliisimamisha katikati ya godoro na kabati, uso wa khanga umeelekea godoro, tukaifunga kwa kamba mbili. Imefika haina hata mkwaruzo. Khanga ya pili ya doti nilikuwa nimeshaitengeneza kama alivyosema fundi wa Buguruni, mtindo wa ramani ya darasani. Hiyo niliiviringisha, nikakaa nayo mapajani kiti cha mbele.

Lile tundu la Kimara nililijaza puti siku tatu kabla, msasa, rangi ya kichupa nilichopewa. Mwenye nyumba alipokuja kukagua aliuliza lilikuwa wapi. Nikamwonyesha kwa kidole, akapapasa. Sijakatwa kitu.

Huku Mbezi ukuta wa kochi unatazamana na dirisha la magharibi, jua la saa kumi linaupiga wote, na khanga ikikaa hapo mwaka mmoja itapauka. Kwa hiyo hapo nimetundika mkeka, nimeagiza kwa mtu anayetoka Pemba, rangi zake ni za zambarau na kijani. Khanga nimeipeleka ukuta wa pili, kulia kwa mlango, kwenye msumari alioacha mpangaji aliyetangulia. Iko juu kwa kama kiganja kuliko ninavyotaka. Nimemtumia mwenye nyumba mpya ujumbe kuomba tundu moja chini yake, nasubiri jibu.